Jibu Lako, Kutoka Chini ya Dashibodi

Ombeni mwanangu,

Umeenda Machame kumuaga bibi yako, na bibi hatakuachia mpaka ule mara mbili, kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye kiti cha dereva, karatasi iko juu ya usukani, mwandiko utauona mwenyewe. Usinicheke. Shule niliiacha kidato cha tatu na sababu unaijua, sababu ilikuwa inalia kuliko honi ya lori.

Habari za soksi na mswaki sikuandikii. Umeshakuwa mkubwa, ukisahau mswaki tafuna mti. Nakuandikia kwa sababu juzi uliniuliza kitu, sikukujibu.

Nilikuwa nimelala chali, kichwa kiko chini ya dashibodi upande wa abiria, miguu iko nje ya mlango, wewe umenishikia tochi. Ukasema, "Mama." Nikasema, "Nini?" Ukasema, "Ukisema nibaki, nabaki." Nikakujibu, "Shika tochi vizuri, unanimulika puani."

Hukuuliza tena. Na kesho asubuhi unaenda Mwika kwa Meku, babu yako mzaa baba, ukaishi kwake, ushike shamba lake. Watu wanaandikia watoto wanaokwenda Ulaya. Wangu anakwenda Mwika, mlima uleule, nauli yake hata haifiki bei ya kuku, na bado naona kama nakuzika. Jibu lako liko humu. Nalizunguka kwa sababu linaniuma, nivumilie.

Pikapu hii unajua tuliipataje, lakini hujawahi kunisikia nikisema vizuri. Baba yangu alipofariki, wajomba zako waligawana kihamba, lile shamba letu la ukoo. Huyu kutoka kwenye mfereji mpaka kwenye kahawa, yule kutoka kwenye kahawa mpaka barabarani. Mimi nimesimama pale, wewe unanivuta sketi. Mjomba wako mkubwa akaangalia huku na huku, akaona pikapu imelala kwenye migomba, kuku wametagia ndani, akasema, "Dada mpeni hiyo. Si anapenda makelele." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka! Aisee, hicho ndicho kinaniuma mpaka leo. Kugawana wamegawana, lakini mimi nilicheka.

Ikavutwa mpaka mjini. Sikujua hata fyuzi inafanana vipi. Nikakaa na simu, video za Wahindi, za Wafilipino, sijui hata wanasema nini, naangalia mikono yao tu. Mkono ukishika waya mwekundu na mimi nashika wangu mwekundu. Niliunguza fyuzi mpaka muuza spea akaniuliza kama nazila. Siku ilipowaka nilipiga ukelele majirani wakatoka na mapanga wakidhani mwizi.

Tumekula humo ndani, wewe na mimi. Imebeba ndizi, majani ya ng'ombe, maharusi, majeneza. Na mpaka leo mtu akija gereji ananikuta na spana mkononi anauliza, "Fundi yuko wapi?"

Sasa sikia ugonjwa wake, maana nilichemsha, na nilichemsha kwa kujiamini.

Masika yalipoanza, ikaanza kuzima. Inakwenda vizuri kwenye tambarare, ikianza tu kupanda mlima, puu! kama mtu kafunga swichi. Unasubiri kidogo, inawaka. Taa ya injini inakuja, inapotea. Gari hizi za zamani zina kisanduku kidogo cha plastiki kwenye boneti, unaunganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, na ile taa inaanza kupepesa. Inapepesa, inanyamaza, inapepesa tena. Unahesabu, unapata namba, namba inakwambia ni nani analalamika. Nikahesabu. Sensa ya krenki. Haya! Nikanunua sensa, nikafunga, ikatulia, nikatamba gereji nzima. Ulikuwepo. Nilicheza hata muziki.

Ikazima tena pale kwenye mlima wa kwenda kwa bibi, na ndizi za watu ziko nyuma. Nikahesabu: safari hii sensa ya joto. Nikabadilisha. Ikazima. Nikahesabu: sensa ya hewa. Mwanangu, hapo ndipo mtu mwenye akili anakaa chini, anakunywa chai, anajiuliza. Watu watatu ndani ya nyumba moja hawaugui magonjwa matatu kwa wiki moja. Kuna kitu wanakula pamoja. Mimi sikukaa. Mimi unanijua, nikikaa nawashwa. Nikasema, kontrol boksi imekufa. Ule ubongo wa injini, ile boksi ya bati iliyo chini ya dashibodi. Nikaihukumu bila kuipima. Nikatafuta nyingine ya mtumba, nikafunga, ikaunguruma kama simba, tukaenda kula chipsi mayai tukisherehekea.

Ikazima tukitoka kula chipsi.

Nikamwita yule kijana mwenye mashine ya kupimia magari, anayejipulizia manukato kabla ya kufungua boneti. Akazunguka gari, akachungulia, akasema, "Dada, hili la kizamani, halina hata pa kuchomeka mashine."

"Basi pima kwa macho."

"Macho hayana programu, dada."

Nikamfukuza. Na wewe nikakufukuza, ulikuja na chakula nikakwambia peleka huko. Siku zote hizo nilikuwa nakukaripia kwa kila kitu: umeweka wapi spana, kwa nini unavuta miguu, kwa nini unanitazama hivyo. Ulidhani ni gari. Ilikuwa gari nusu. Nusu nyingine ni kwamba Meku alikuwa ameshapiga simu, amesema, "Kijana kamaliza shule, sasa aje." Kama mtu anayefuata jembe lake aliloazimisha.

Ngoja nikufundishe kitu kimoja, ndicho pekee nilichokipata kwa uchungu, na hata kama hutakuwa fundi kichukue. Waya una nyuzi nyingi ndani. Zikikatika zote ukabaki uzi mmoja, ukiweka mita inakusomea volti kumi na mbili, safi kabisa, waya mzima. Weka balbu ya taa kubwa kwenye waya huohuo uone. Haiwaki, au inawaka kama sigara. Mita haiombi kitu, ndiyo maana inadanganywa. Waya unapimwa ukiwa na mzigo.

Baba yako, Mungu ampumzishe, alikuwa volti kumi na mbili kwenye mita. Msafi, anaongea vizuri, kila mtu anampenda. Nikamwekea mzigo mmoja tu, wewe. Basi. Akaoa kwingine, akazaa wasichana watatu, akafa hajawahi kukuita kwa jina lako. Siku ya kumzika niliambiwa nisimame nyuma na akina mama wa jirani. Nikasimama. Tena ni mimi niliyebeba viti vya msiba kwa pikapu hii.

Haya, turudi juzi. Safari hii nikajilazimisha kwenda polepole, na unajua kwangu hiyo ni adhabu. Nikawasha gari, nikawasha taa zote na feni ili umeme ufanye kazi. Nikaweka mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye waya wa ethi wa kontrol boksi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma zaidi ya volti moja. Yaani volti nzima inapotea njiani! Na sensa zote zile zinaishi kwa volti tano tu. Ukiziibia volti moja, zote zinakuwa waongo, kila moja kwa zamu yake. Hakuna sensa iliyokuwa mbovu, wala boksi. Walikuwa wanakula sumu kwenye sahani moja.

Nikaingia chini ya dashibodi kuufuata ule waya. Ukaja na tochi. Nikafunua kapeti ya miguuni kwa abiria, chini yake maji ya mvua, na harufu. Harufu chachu, kama ndizi iliyosahaulika. Nikavuta soketi. Pini zake zimeota kijani, zimevimba, na katikati ya ule ukijani, mwanangu, nikakuta ulezi. Chembe za ulezi, zimegandia kwenye shaba. Ni mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Hapo ndipo uliposema, "Ukisema nibaki, nabaki." Sasa unajua kwa nini sikukujibu. Nilikuwa nimeshika mkononi ile mbege uliyochukuliwa nayo.

Siku ile watu wa Mwika walipokuja kukutambua, kabla ya masika, wewe ulikuwa kwa bibi, shati umepigiwa pasi, unasubiri. Hukuona yaliyotokea njiani. Sikukusimulia kwa sababu nilitaka siku yako ibaki nzuri.

Meku alipiga simu kwamba wanakuja kukutambua, na mbuzi na mbege, kama inavyotakiwa. Baba yako kaburini, na mzee ndiyo anakumbuka kuna mjukuu wa kiume. Akasema, "Mama Ombeni, si una gari? Utupitie." Basi nikaendesha mwenyewe mpaka Mwika, kuwachukua watu wanaokuja kunichukulia mtoto. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Nilipofika, wale wasichana watatu walikuwa uani wanachuja mbege, mikono imelowa mpaka viwikoni. Meku akatoka na koti lake la kanisani, ni mzee wa usharika yule, Jumapili anapitisha kapu la sadaka. Akanikaribisha kiti, akaketi, akaanza kulia. Akasema, "Tangu mwanangu aondoke, hapa kwangu hakuna mtoto. Boma ni tupu. Hakuna mtu."

Wamesimama pale. Watatu. Wanachuja mbege yake. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa, na hapo nikajua si mara ya kwanza wanasikia.

Mkubwa, yule mrefu, ndiye aliyeleta ndoo. Akasema, "Shikamoo mama. Umeendesha mwenyewe kutoka Moshi?"

"Marahaba. Mwenyewe."

"Na ikiharibika?"

"Naitengeneza mwenyewe."

Akaniangalia mikono, akaangalia kucha zangu nyeusi, akataka kuuliza kingine. Meku akamkata, "Neema, maneno mengi. Weka ndoo garini."

Akaipeleka nyuma, kule kwenye mbuzi na wazee wawili waliofuatana naye. Meku akapiga kelele, hapana! Pombe ya kuchukulia mtoto haikai na mbuzi, tena hapo nyuma mimi hubebea majani na samadi. Inakaa mbele, kati ya miguu ya mzee mwenyewe. Sawa. Ikakaa mbele. Juu kabisa ya pale kontrol boksi ilipo.

Tukaenda vizuri mpaka tumeanza kupanda Machame. Bodaboda akakatiza, nikakanyaga breki, mfuniko ukaruka, mbege ikamwagika nusu ndoo, miguuni kwa Meku, kwenye kapeti, chini ya dashibodi. Huko nyuma mzee mmoja anagonga bati, "Vipi huko mbele, mnakunywa peke yenu?"

Nikasimama pembeni, nikachukua tambara. Meku akanishika mkono.

"Acha, mama. Usifute."

"Meku, hapo chini kuna nyaya."

"Hiyo wazee wetu waliotangulia wameshapokea. Ukifuta unawanyang'anya."

"Ubongo wa injini uko hapo miguuni kwako, Meku."

"Wazee hawajawahi kuharibu kitu cha mtu," akasema, na uso wake ulikuwa umeshabadilika.

Mwanangu, mimi ni fundi umeme wa magari. Mteja akiniambia kamwaga soda kwenye waya nambebesha maneno mpaka anajuta. Na pale nilijua. Nilijua kabisa sukari ile na uchachu ule vitafanya nini kwenye shaba. Nikakunja tambara nikaliweka mlangoni. Kwa sababu niliwasubiri watu wale tangu unanyonya. Niliogopa nikifuta, Meku ataudhika, atasema geuza gari, nami nitafika kwa bibi yako na mbuzi tu, na wewe umesimama mlangoni na shati lako. Nikaendesha na mbege inatiririka chini ya miguu yetu, naisikia.

Tukafika. Wakanywa iliyobaki. Meku akakuwekea mkono kichwani akasema, "Huyu ni wetu." Nilifurahi, Ombeni. Ndiyo ujinga wangu. Nilidhani watakutambua, halafu watakuacha. Nilidhani ni jina tu nakuombea, uwe na mahali pa kujibu watu wakikuuliza baba yako ni nani. Sikujua kwamba kwao "wetu" maana yake "si wako".

Gari imepona. Nimekata pini zote zilizooza, nimechomelea mpya kwa risasi ya kuyeyusha, nimevuta waya mpya wa ethi mpaka kwenye chuma kilichokwanguliwa mpaka kikang'aa. Jana niliipandisha Machame na kurudi, mzigo umejaa, haijakohoa. Nilitakiwa kufurahi. Nilirudi nikakaa humuhumu nikampigia kelele mbuzi wa jirani.

Sasa jibu lako.

Natamani ubaki. Nimeshaandika, liko hapo, silifuti. Ungeniamsha usingizini ningekwambia baki. Lakini nikisema ubaki utabaki, nakujua, na kila siku nitakayokukaripia, na nitakukaripia, utakumbuka shamba uliloliacha kwa ajili yangu. Nami nitakumbuka. Tutaishi humo gereji wawili tukidaiana bila kusema. Mimi hayo nimeyaishi na bibi yako, yeye ananiona mimi ndiye niliyemvunjia heshima, mimi namuona yeye ndiye aliyenyamaza wakati kihamba kinagawanywa. Tunapendana, tunapelekeana maziwa, na hatuwezi kukaa chumba kimoja.

Kwa hiyo nenda.

Ila usiende kama wajomba zako. Pale Mwika kuna wasichana watatu wa baba yako, wamezaliwa pale, wanalima pale, wanakamua ng'ombe wa Meku kila asubuhi, na mzee anasema boma ni tupu. Wewe unakuja na suruali yako ya mjini, hujui hata kukata mgomba, na unapewa lote kwa sababu moja tu, na hiyo sababu hukuitafuta wala hukuifanyia kazi. Utakuwa unakalia ardhi ya dada zako. Ujue hivyo tangu siku ya kwanza ukilala.

Siku moja Meku atakutembeza kwenye mipaka, atakuonyesha sale hili na sale lile, ile mimea inayopandwa mpakani. Ndicho alichokuitia. Siku hiyo waite dada zako watembee nanyi. Akisema hawahusiki, simama hapohapo. Usimtukane, ni mzee, tena kafiwa na mwanawe wa pekee, uchungu wake ni wa kweli. Mwamkie mara kumi ukitaka. Lakini usinyanyue mguu mpaka waje. Atakasirika. Atakwambia umefundishwa na mama yako. Mwambie ndiyo.

Ukishindwa hilo, ukalichukua shamba peke yako ukanyamaza, au ukacheka wenzako wakicheka, usije kunisalimia Krismasi. Nakuandikia hili nikiwa na akili zangu. Kukupenda sitaacha, siwezi, nimeshajaribu kwa baba yako nikashindwa. Lakini mlango sitakufungulia.

Naona nimeandika kwa hasira. Ndivyo nilivyo, ungetaka mama mpole ungezaliwa kwingine.

Meku amesema kesho nikuache pale sokoni Mwika, atatuma mtu akupokee, nisijisumbue kufika nyumbani. Sitakuacha sokoni. Nitaingia mpaka uani, nizime gari, nishuke, nimwamkie mzee, halafu niwasalimie wale wasichana mmoja mmoja kwa jina. Mkubwa ni Neema. Wale wawili wadogo nilikaa nao uani asubuhi nzima, sikuwauliza wanaitwa nani. Kesho naanza na hao.

Mama yako